Maji ya ziwa kwenye tuta la maharage: kisa cha bustani moja ya nyuma ya nyumba mjini Goma

Bustani inayozungumziwa hapa ipo nyuma ya nyumba ya familia moja mjini Goma, mashariki mwa Kongo, katika upande ambao lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita tarehe 17 Januari 2002 ikielekea Ziwa Kivu. Nyumba ya kwanza iliteketea siku hiyo, na ile iliyopo leo imejengwa juu ya jiwe lenyewe. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba bustani hii ililimwa kwa kupindua ardhi ya uwanja. Udongo wake wote uliletwa kwa lori, ukamwagwa juu ya lava iliyosawazishwa kwa nyundo, na kuzungukwa na ukuta mfupi wa mawe yaleyale. Nilipoupima kwa fimbo ya chuma, kina chake kilikuwa sentimita 20 mahali pengi na sentimita 12 tu karibu na choo. Kina hicho kina uzito mkubwa katika kisa hiki.

Kuna matuta manne, kila moja likiwa na urefu wa mita 5 na upana wa mita 1.2, yaani mita za mraba 24 kwa jumla. Mwenye bustani ni mama wa makamo ambaye hula sehemu ya mavuno yake na kuuza iliyobaki kwa majirani. Mwaka wa kisa hiki alipanda maharage mafupi, yale yanayochumwa maganda yakiwa mabichi, kwenye tuta la kwanza. Karoti na vitunguu kwenye la pili. Lengalenga (mchicha) na shu (kabichi) kwenye la tatu. Na betrave (viazi vyekundu vitamu vya saladi, beetroot kwa Kiingereza) kwenye la nne. Mbegu ziliingia ardhini mwishoni mwa Mei, mvua zikiwa zinaaga.

Niliitwa mwishoni mwa Julai. Maneno yake ya kwanza yalikuwa haya: «Mwalimu, maharage yangu yamezeeka kabla ya kuzaa.» Ni maelezo mazuri kuliko mengi niliyowahi kupewa na watu waliosoma, ingawa, kama tutakavyoona, uzee haukuwa neno lenyewe.

Tuta la maharage lilikuwa la manjano. Mimea ilikuwa na kimo cha kiganja kimoja na nusu, maua machache, na maganda mafupi yaliyojikunja. Karoti zilikuwa zimeota kwa mapengo na majani yake yalikuwa membamba kama nywele. Vitunguu vilikuwa na ncha zilizokauka. Shu ilikuwa hai lakini haifungi vizuri. Lengalenga ilikuwa inachumwa kama kawaida, na betrave, jambo lililonishangaza, ilikuwa na majani mapana yanayong'aa kama vile ilikuwa imepandwa katika bustani nyingine.

Kabla yangu, ushauri ulikuwa umekwisha kutolewa. Jirani mmoja alisema udongo umechoka, akaleta urea, na mama akaitawanya juu ya matuta mara mbili katika wiki tatu. Hakukuwa na mabadiliko. Ndugu mwingine alisema ni moshi wa volkano. Kijana wa nyumbani alisema ni wadudu, kwa sababu mama mwenyewe alikuwa amekwisha kuona vidukari mwezi wa Juni na kuanza kunyunyiza majivu ya mbabula, yaani jiko la makaa, kila jioni. Kila mmoja kati ya hao watatu alikuwa na sababu ya kusema alichosema, na ni haki kuyapima maneno yao moja baada ya jingine.

Nianze na urea, kwa kuwa ndiyo iliyogharimu fedha. Mmea unapokosa nitrojeni huinyang'anya kutoka kwenye majani yake ya zamani na kuipeleka kwenye majani machanga. Kwa hiyo manjano huanzia chini, na jani hugeuka lote kwa usawa, mishipa pamoja na nyama yake. Kwenye maharage haya mambo yalikuwa kinyume. Majani ya chini yalikuwa bado ya kijani, na machanga ya juu yalikuwa ya manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, kama ramani ya mito iliyochorwa juu ya karatasi ya manjano. Hiyo ni alama ya kukosa chuma, madini ambayo mmea ukishayaweka kwenye jani hauwezi kuyahamisha kirahisi, hivyo jani linalozaliwa baadaye ndilo linaloumia. Mtu anayetaka kutofautisha njaa hizo mbili nyumbani kwake hahitaji maabara. Ainame tu na kuuliza manjano yameanzia juu au chini.

Moshi wa volkano si jambo la kupuuza Goma. Gesi za Nyiragongo hutengeneza mvua yenye asidi, na vijiji vilivyo magharibi mwa mlima, ambako upepo hupeleka wingu hilo mara nyingi zaidi, vimeshuhudia mazao yakiungua. Lakini jani lililounguzwa na gesi au na mvua ya namna hiyo huwa na madoa na kingo zilizokauka, na madoa hayo huyapata majani yaliyo wazi, machanga kwa makuukuu, na hayachagui mmea mmoja na kuuacha mwingine umbali wa hatua moja. Tena tulikuwa mwezi wa Julai, mvua hakuna. Vidukari walikuwepo, lakini wachache mno kulingana na uharibifu. Niliwahesabu kwenye mimea kumi na sikufika mia. Nikawaacha.

Kilichonipa njia hakikuwa elimu yangu. Kilikuwa gunia. Kando ya mlango wa jikoni, mjukuu wa mama huyo, mtoto wa miaka tisa, alikuwa ameotesha maharage katika gunia dogo kwa ajili ya somo la shule. Mbegu zilikuwa zilezile, udongo ulichotwa kutoka tuta lilelile, na tarehe ya kupanda ilipishana kwa siku tatu tu. Maharage ya mtoto yalikuwa ya kijani kibichi na yalikuwa na maganda. Bibi yake alidhani siri ni kivuli cha ukuta. Mtoto, baada ya kubembelezwa na kuahidiwa kwamba hatachapwa, alikiri kwamba alikuwa akichota kikombe kimoja kila asubuhi kutoka tangi la maji ya mvua, tangi ambalo bibi alikuwa amekataza kabisa lisitumiwe kwa kazi ya bustani, kwa kuwa ndilo la kunywa na kupikia hadi mvua zirudi. Matuta yote manne yalikuwa yakimwagiliwa maji ya ziwa, bidoni (madumu) nne za lita 20 kila jioni, zikiletwa kwa chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili linalosukumwa.

Hapa ni lazima nisimame kidogo kwenye maji ya Ziwa Kivu, kwa sababu wakazi wengi wa Goma hawawezi kuamini kwamba maji wanayonywa baada ya kutiwa klorini yanaweza kuudhuru mmea. Ziwa hili hupokea chini yake chemchemi zinazopita katika miamba ya volkano na kubeba madini mengi. Maji ya juu yana pH (kipimo cha asidi na magadi, ambapo 7 ni katikati na juu yake ni upande wa magadi) inayokaribia 9, na chumvi zilizoyeyuka ndani yake ni karibu gramu moja kwa kila lita, sehemu kubwa ikiwa bikabonati za sodiamu, magnesiamu na potasiamu, huku kalisi ikiwa kidogo sana. Kwa lugha ya jikoni, ni maji yenye magadi mepesi. Mtu mwenye afya huyanywa bila kuona tofauti kubwa kwa kuwa mwili wake una namna ya kuzitoa chumvi hizo. Tuta la bustani halina, isipokuwa maji mengi yapite na kuziosha.

Mwongozo wa FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) wa 1985 kuhusu ubora wa maji ya kumwagilia unaweka kiwango cha kawaida cha pH kati ya 6.5 na 8.4, na unapanga mazao kwa uwezo wake wa kuvumilia chumvi, ikipimwa kwa jinsi maji yanavyopitisha umeme. Maji ya Kivu yapo karibu 1.2 kwa kipimo cha desisimensi kwa mita. Maharage huanza kupoteza mavuno maji yakipita 0.7, karoti vilevile 0.7, vitunguu 0.8, kabichi 1.2, betrave 2.7. Msomaji aitazame tena hali ya matuta niliyoieleza juu: maharage yamekwama, karoti zina mapengo, vitunguu vimekauka ncha, shu ipo mpakani, betrave inang'aa. Ni nadra mno bustani kujipanga yenyewe kama jedwali la kitabu, na nakiri kwamba nilipoulinganisha mpango huo nyumbani usiku ule nilicheka peke yangu.

Hesabu ya chumvi inasaidia pia kuelewa kwa nini tatizo halikuonekana Juni. Bidoni nne ni lita 80 kwa siku. Kwa gramu moja kwa lita, bustani ilikuwa ikipokea karibu gramu 80 za chumvi kila jioni, na katika siku 60 hiyo ni kilo 4.8, yaani gramu 200 kwa kila mita ya mraba. Maji hupaa juani; chumvi hubaki. Lita 80 juu ya mita za mraba 24 ni kina cha milimita 3.3 tu, kiasi ambacho mimea na jua la kiangazi hukimaliza chote, pasipo tone la ziada la kushuka hadi kwenye nyufa za lava na kuondoka na chumvi. Na kwa kuwa udongo ni sentimita 20 tu, hakuna tabaka la chini ambako mizizi ingeweza kukimbilia. Ukingoni mwa matuta, hasa karibu na choo ambako udongo ni mwembamba zaidi, kulikuwa na unga mweupe ambao mama alidhani ni mabaki ya urea.

Kisha kuna majivu. Majivu ya makala (makaa) na kuni yana kabonati za potasiamu na kalisi, nayo hupandisha pH. Katika udongo mwekundu wenye asidi, kama ule wa milima ya upande wa Bukavu, mkono wa majivu ni baraka. Hapa ulikuwa ukiongezwa kila jioni kwenye udongo ambao maji yalikuwa yamekwisha kuupeleka upande uleule. Na udongo unapozidi pH ya 7.5 hivi, chuma kilichomo, hata kiwe kingi kama katika udongo wa volkano, hujifunga katika umbo ambalo mzizi hauwezi kulinyonya. Mmea unakufa njaa mbele ya ghala lililojaa. Hiyo pia ndiyo sababu urea haikufaa kitu: ikitawanywa juu ya udongo wenye hali ya magadi bila kufukiwa, sehemu kubwa ya nitrojeni yake hugeuka gesi ya amonia na kuondoka na upepo. Mama alikumbuka harufu. Alidhani ni choo.

Kupima tulipima kwa njia mbili rahisi. Mwanafunzi mmoja wa kilimo alitupatia vipande vya karatasi vinavyobadilika rangi: udongo wa tuta la maharage ukikorogwa na maji ya mvua ulionyesha kati ya 8 na 9, na udongo wa gunia la mtoto karibu 7. Njia ya pili mtu yeyote anaiweza. Chemsha majani ya shu nyekundu, chuja, na ugawe maji yake ya zambarau katika glasi mbili. Tuliyotia maji ya mvua ilibaki na rangi yake. Tuliyotia maji ya ziwa iligeuka buluu inayoelekea kijani. Kwa mama huyo glasi hizo mbili zilizungumza kuliko tarakimu zangu zote, na akawaita majirani waje kuona.

Hata hivyo, gunia moja la mtoto si ushahidi wa kutosha. Huenda kivuli cha ukuta nacho kilisaidia, na gunia halikupata majivu, kwa hiyo mambo mawili yalikuwa yamechanganyika. Tulikubaliana kung'oa maharage ya tuta la kwanza, kukwangua sentimita mbili za juu pamoja na ule unga mweupe, kuchanganya mboji iliyoiva, na kupanda upya mwanzoni mwa Agosti, tuta likigawanywa katikati kwa ubao. Majivu yalisimamishwa pande zote mbili. Nusu moja ilipata maji ya ziwa kama zamani. Nusu ya pili maji ya mvua. Kwa mita tatu za mraba na siku 21, maji ya mvua yaliyohitajika yalikuwa bidoni 11, na kuzipata bidoni hizo kulihitaji mazungumzo marefu kuliko kazi nyingine yoyote katika kisa hiki, kwa sababu tangi lilikuwa limebaki nusu na Septemba ilikuwa mbali. Mama alikubali kwa sharti kwamba nisipopata jibu nitamlipa maji yake.

Baada ya wiki tatu, upande wa mvua mbegu zilikuwa zimeota karibu zote na majani matatu ya kwanza yalikuwa ya kijani. Upande wa ziwa zilikuwa zimeota pungufu, kwa kuchelewa siku tatu au nne, na ile ramani ya mito ilikuwa imeanza kuonekana, ingawa kwa unyonge kuliko mwezi wa Julai. Unyonge huo una maana mbili ambazo sikuweza kuzitenganisha: ama chumvi ilikuwa haijajikusanya tena baada ya kukwangua, ama kukoma kwa majivu kulikuwa kumepunguza nusu ya tatizo. Ili kujua sehemu ya majivu ingebidi nusu ya tatu, yenye maji ya mvua na majivu, nasi hatukuwa na maji ya kuifanyia hivyo. Nadhani, kwa kuangalia kiasi alichokuwa akinyunyiza, yaani bakuli mbili kila jioni kwa miezi miwili, kwamba majivu yalikuwa na mchango mkubwa kuliko nilivyoandika kwenye daftari langu siku ya kwanza.

Ushauri uliofuata ulilazimika kuheshimu hali halisi: maji ya ziwa ndiyo pekee yaliyopo wakati wa kiangazi, na hata mabomba ya sehemu kubwa ya mji hutoa maji ya ziwa hilohilo. Kumwambia mtu wa Goma asimwagilie maji ya Kivu ni kumwambia asilime kuanzia Juni hadi katikati ya Septemba. Kwa hiyo tulibadilisha mimea. Kiangazi, matuta mawili yenye udongo wa kina zaidi yatabeba betrave na lengalenga. Shu itapandwa ili ifunge mvua zikiwa zimerudi. Maharage, karoti na vitunguu vitasubiri mvua, ila gunia mbili au tatu za maharage karibu na tangi, kwa kuwa mtoto amekwisha kuonyesha kwamba kikombe kimoja kinatosha gunia moja na bibi ameona haya kuendelea kukikataza.

Namna ya kumwagilia ilibadilishwa pia, na hapa palikuwa na ubishi. Mama alikuwa akinyunyiza kidogo kila jioni kwenye matuta yote. Nilimwomba amwage bidoni zote nne kwenye matuta mawili jioni moja, na kesho yake kwenye mengine mawili, ili maji yashuke hadi kwenye lava badala ya kulowesha ngozi ya juu tu na kuiachia chumvi yake. Alisema mimea italala na kiu. Tukafunika matuta kwa majani makavu ya migomba, unene wa vidole vinne, na baada ya siku mbili akaingiza mkono chini ya matandazo, akakuta unyevu, na ubishi ukaisha. Matandazo hayo yana kazi kubwa kuliko yanavyodhaniwa: kila lita ambayo jua halikuiiba ni lita ambayo haihitaji kuletwa kwa chukudu, na pia ni gramu moja ya chumvi isiyoingia bustanini.

Majivu sasa yanatiwa kwenye shimo la takataka. Kwa vidukari, ambao walirudi, anatumia maji ya sabuni kidogo na vidole.

Mvua zilirudi katika wiki ya tatu ya Septemba. Nilimwomba atoboe mianya minne chini ya ukuta wa mawe kwa nondo, upande wa mteremko, ili maji ya mvua kubwa yapate pa kutokea baada ya kupita kwenye udongo. Alitoboa sita. Mwishoni mwa Oktoba karatasi ilionyesha karibu 7.5 kwenye tuta la kwanza. Tuta la karibu na choo lilikuwa bado juu ya 8, na nadhani litabaki hivyo hadi mvua za Machi na Aprili, kwa kuwa mteremko wake unarudisha maji badala ya kuyatoa.

Maharage yaliyopandwa na mvua yalianza kuchumwa katikati ya Novemba. Mama alinitumia ndoo ndogo iliyojaa maganda, na juu yake alikuwa ameweka maganda saba yaliyofungwa kwa uzi mwekundu. Hayo, alisema aliyeyaleta, ni ya gunia la mtoto, nayo yapimwe peke yake.